Uwanja wa ndege Tanga ukipanuliwa, nani atajaza ndege za Ulaya na Uarabuni?

MtuWaRaskazone (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Siku hizi mkikaa barazani mkaanza kuongelea bandari yetu, lazima mtu adakie uwanja wa ndege. Bandari imepata gati la mita 450, kina kimechimbwa, meli zinafunga gatini badala ya kupakulia kwenye matishari kule majini. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima. Basi jamaa anahitimisha: bado uwanja tu, ndege ya London itue hapa hapa.

Nataka tuliongee bila ushabiki. Mimi urefu wa njia ya kurukia haunisumbui sana, maana zege na lami ni pesa, na pesa ikitafutwa hupatikana. Kinachonisumbua ni viti.

Dreamliner za ATCL (Air Tanzania), hizi Boeing 787-8, zina viti 262. Tuseme moja ianze kuja Tanga mara mbili tu kwa wiki. Kwa mwaka ni viti 27,248 vya kuondokea. Jaza asilimia 80, unahitaji watu karibu 21,800 wanaoanzia Tanga, wote wanakwenda mji uleule, na wote wanakubali kuondoka siku hizo mbili tu. Mkoa mzima, kuanzia Handeni mpaka Lushoto, una watu milioni 2.6 kwa sensa ya 2022, na wengi wao Dar yenyewe wanaenda kwa basi.

Sasa chukua Dash, ile ndege ya propela ya viti 76, iruke kila siku mara moja. Kwa mwaka viti 27,740. Yaani ni kitu kimoja! Ila Dreamliner imekupa mji mmoja, Dash ikikupeleka Nairobi au Addis Ababa kila siku, ukiunganisha ndege pale imekupa Guangzhou, Jeddah, London, Mumbai, Toronto, chagua mwenyewe.

Ndiyo maana naona tunapiga kelele kwa kitu kisicho chetu na kinachowezekana tunakiacha. Karibuni mnipinge.

---

Kijana_Pongwe

Mleta uzi unatukatisha tamaa sisi watu wa Tanga. KIA, uwanja wa Kilimanjaro, ilifunguliwa 1971 katikati ya pori, si Arusha si Moshi. Nani alikuwa anajaza viti? Leo KLM wanatua pale, Qatar wanatua, Ethiopian wanatua. Jenga kwanza, ndege zitakuja zenyewe.

---

ChaiNaKalimati

Zitakuja leo, zitaondoka leo 😂 si ndiyo sifa ya mji?

---

Mpanga_Mizigo

Nimefanya kazi ya kupanga uzito na mafuta ya ndege kwa miaka, nitie neno.

Kijana_Pongwe, KIA usiitaje bila Songwe. Uwanja wa Songwe pale Mbeya ulifunguliwa Desemba 2012, njia yake ni mita 3,330. Ni ndefu kuliko ya Zanzibar. Ndege ya Ulaya ngapi zinatua Songwe? Hata ya Dar ilikuwa shida, maana miaka ya mwanzo haukuwa na taa za kutulia usiku, na ukungu wa Mbeya mnaujua. Zanzibar ina mita 3,022 na inapokea ndege za Ujerumani, Uswisi, Italia, Uturuki, Qatar. Tofauti yao haiko kwenye mita. KIA ina Mlima, ina Serengeti na Ngorongoro. Mtu amelipa safari ya wiki mbili huko kwao kabla hata hajapanda ndege. Na hata hivyo, KLM kwa miaka mingi haikuijaza KIA peke yake. Ilikuwa inashusha KIA, inaendelea Dar na abiria waliobaki, halafu inarudi Amsterdam. Na sheria haiwaruhusu kuuza kiti cha KIA kwenda Dar, hiyo ni haki ya mashirika ya ndani. Kwa hiyo kipande kile wanaruka viti vikiwa vitupu nusu, na bado hesabu inakubali kwa sababu Kilimanjaro inauzika.

Tanga sasa. Njia yetu ni kilomita moja na ushee. Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, anaruka hapo akiwa na nafasi ya kutosha. Dash 8-400 ikishiba abiria na mafuta inataka kama mita 1,400, kwa hiyo hata hiyo Dash ya mleta uzi inahitaji kazi ifanyike kwanza. ATR 42 ya viti 48 ingejitahidi. Dreamliner iliyojaa mafuta ya Ulaya inataka mita 2,600 na zaidi, na joto letu la pwani mchana huongeza.

Halafu kuna vitu ambavyo wanasiasa hawavitaji jukwaani. Zimamoto: Caravan anahesabiwa daraja la 3, Dash la 6, Dreamliner la 8. Kila daraja lina magari yake, maji yake, povu lake, na vijana wa zamu wanaolipwa mshahara ndege ije isije. Mafuta: safari ya saa tisa kwenda Ulaya inakunywa tani arobaini na kitu. Hayo ni malori mawili ya mafuta ya ndege kwa ndege moja. Na kabla mtu hajasema Chongoleani, lile bomba ni la mafuta ghafi, yanapanda meli kwenda kusafishwa mbali. Huwezi kuyachota ukamtilia rubani.

---

Kijana_Pongwe

Hilo la Chongoleani ndilo nilikuwa naliandika 😅

---

BintiNgamiani

Kaka Mpanga_Mizigo umeeleza vizuri, lakini nyote mnaongea kama Tanga hakuna wasafiri. Mimi nakata tiketi, nawaona.

Watu wa Tanga wanasafiri nje sana, hawaonekani tu. Kuna wa Umra: Rajabu ikiingia simu hazikatiki, Shaabani ndiyo zaidi, Ramadhani bei zinapanda lakini watu wanakwenda. Kuna wenye ndugu Muscat, wengine babu zao wako huko tangu zamani. Kuna mabinti wanaokwenda kazi Oman na Saudia. Kuna wafanyabiashara wa Guangzhou, wa vifaa vya simu na nguo. Wote hawa tiketi zao zimeandikwa Dar es Salaam. Mamlaka ikifungua vitabu inaona abiria wa Dar, Tanga inaonekana sifuri.

Na mnajua safari yao ilivyo? Ndege ni alfajiri. Mama mtu mzima anapanda basi Kange asubuhi ya jana yake, kilomita 350 na kidogo kwa Segera na Chalinze, anafika Dar foleni imeshona. Analala kwa ndugu Magomeni au Temeke. Ndugu naye hawezi kumwacha mgeni wa Mungu alale njaa, kunapikwa. Wasindikizaji wamekuja na gari lao. Ukijumlisha basi, mafuta ya gari, chakula, teksi ya usiku wa manane na siku mbili za kazi zilizopotea, mtu angelipa nyongeza ya maana kwenye tiketi ili aanzie hapa nyumbani. Hiyo nyongeza ndiyo nataka mashirika wajue ipo.

---

MtuWaRaskazone

Dada hapo umenigusa. Ila Jeddah si mbali kihivyo, tuko karibu mstari mmoja nao kwenda kaskazini. Mpanga, ni kilomita ngapi?

---

Mpanga_Mizigo

Kama 3,000. Ukitazama ramani, Jeddah na Tanga zote ziko kwenye nyuzi 39 mashariki. Saa nne na dakika.

Na hapo ndipo mjadala unakuwa mtamu, maana kwa Jeddah huhitaji Dreamliner. Airbus A220-300, ATCL wanazo, ina viti 132 na inaweza kuruka zaidi ya kilomita 6,000. Ikiwa imejaa kabisa inataka kama mita 1,900. Kwa hiyo njia ya mita 2,200 hivi yenye taa nzuri inakupa Jeddah, inakupa Muscat, Dubai, hata Mumbai. Kutoka mita 2,200 kwenda 3,000 unalipia kitu kimoja tu: Ulaya moja kwa moja. Mimi ningesema pesa hiyo ya mita 800 za mwisho iende kwenye taa, zimamoto na jengo la abiria.

Ila msisahau Zamzam. Kila hujaji anarudi na lita tano zake, mara 132, hizo ni kilo 660 za maji tu kabla hujapima tende 😄

---

Mzee_wa_Stesheni

Wanangu hamjambo.

Nawasoma hapa na miwani yangu. Mnasema jenga ndege zitakuja. Mjerumani alianza kujenga reli hapa Tanga mwaka 1893, ya kwanza katika nchi hii yote. Ilifika Moshi 1911. Unadhani aliijenga ili sisi tukasalimiane na Wachaga? Alifuata mazao. Mwaka uleule 1893 miche ya mkonge ndiyo ilikuwa inaingia, na mkonge na kahawa vikailisha reli ile. Siku mkonge uliposhuka bei, stesheni ilipungua watu, tukabaki kuuza chai kwa madereva.

Ndege tuliziona tangu zamani. Dakota za East African Airways zilikuwa zinatua hapa, mabwana wa mkonge wanashuka na mikoba. Shirika lilipokufa 1977 na mkonge nao ulikuwa umeshachoka. Sikumbuki mtu aliyeandamana kuzidai, maana waliokuwa wakizipanda walikuwa wameshaondoka.

Kwa hiyo mleta uzi namuunga mkono. Kwanza nani anapanda.

---

ChaiNaKalimati

Shikamoo mzee. Chai ya stesheni ilikuwa na tangawizi au hamna?

---

Mzee_wa_Stesheni

Marahaba. Tangawizi na pilipili manga ya Amani. Ninyi mnakunywa maji ya moto.

---

ShambaLaIliki

Niko Muheza. Mbona mnaongea abiria tu? Mzee amegusa mazao. Ndege kubwa inabeba mzigo tumboni. Tuna iliki, pilipili manga, mdalasini, machungwa, huku pwani kuna pweza na kaa. Mzigo ulipie nusu ya safari, abiria walipie nusu.

---

Mpanga_Mizigo

Ndugu yangu wa Muheza, wazo zuri lakini lipime kwa kilo. Iliki na pilipili manga ni vikavu, havina haraka, vinapanda meli na bandari iko hapa hapa. Chungwa ni zito na bei yake ndogo, nauli ya ndege inalimeza. Pweza anagandishwa, anakwenda kwa kontena lenye baridi. Anayehitaji ndege kweli ni kaa wa mikoko anayesafirishwa akiwa hai, maana akifa bei imekufa naye. Kaa peke yake hawezi kubeba ratiba.

Tena tazama Arusha. Maua yanalimwa jirani kabisa na KIA, na miaka yote sehemu kubwa yake imekuwa ikipanda lori mpaka Nairobi kuruka kutoka Jomo Kenyatta. Kwa nini? Nairobi ina ndege nyingi kila usiku, ukikosa ya saa nne kuna ya saa sita, na nauli ya mzigo ni ndogo kwa sababu mashirika yanagombania. Mkulima hafuati uwanja ulio karibu, anafuata ratiba isiyomwangusha.

---

Mwana_wa_Lungalunga

Ndugu zetu wa Tanga, salaamu kutoka ng'ambo ya Horohoro. Mwanichekesha wallahi. Uwanja wa ndege za mbali mshaupata, uko Mombasa! Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguke hampiti tena Likoni kungoja feri. Watoka Tanga asubuhi, wagonga muhuri mpakani, wapita Kwale, waingia Dongo Kundu, watokea Miritini, uwanja wa Moi uko pale pale. Haizidi kilomita 200. Ethiopian wapo, Waturuki wapo.

Lakini pia niwaambie la ndani, mjifunze kwetu. Moi ina njia ya mita 3,350 na mahoteli yamejipanga toka Shanzu hadi Diani. Miaka ile ya themanini na tisini Wajerumani walikuwa wakishuka kwa ndege za kukodi, wikendi uwanja wajaa. Zikaja ghasia za Likoni 1997, wageni wakakatika, na ndege zikawa za kwanza kukimbia. Ndege ya kukodi haina subira, msimu huu iko kwako, msimu ujao iko Zanzibar. Na mpaka leo wenye mahoteli wapigia serikali kelele ifungue anga, maana wahisi Mombasa yabanwa ili abiria wapitie Nairobi na Kenya Airways. Sisi wenye kila kitu twalia, ninyi mwaanza kujenga!

---

BintiNgamiani

Huyu kasema kweli. Nina wateja wa Umra na wa Dubai wanaopitia Mombasa siku hizi, wanaangalia bei tu. Kadi ya homa ya manjano mkononi, pasi mkononi, wamevuka. Huyo naye ni abiria wa Tanga anayehesabiwa nchi nyingine kabisa.

---

Kambi_Pangani

Kazi yangu ni kupokea wageni upande wa Pangani na Saadani. Wageni wetu wa Ulaya ndege yao ya mbali ni ya Zanzibar. Wanashuka pale, wanalala Nungwi siku kadhaa, halafu Caravan au boti kuja bara. Kutoka Zanzibar hadi Tanga kwa anga ni kama kilomita 130, Pemba hata mia haifiki. Kahawa hujaimaliza umetua. Sasa shirika gani litaleta ndege nyingine ya saa tisa kilomita 130 kutoka pale lilipo tayari? Ningependa Caravan ziwe nyingi zaidi na nauli ishuke, zisubiri ndege za Ulaya zinapotua, sio mgeni anakaa uwanjani nusu siku.

Na barabara ya Bagamoyo–Saadani–Pangani ikikamilika na daraja la Pangani likipitika, wageni wa Dar watakuja kwa gari. Ndege ya Dar–Tanga itapata mpinzani, muwe tayari.

---

Kijana_Pongwe

Sawa, nimeshuka kwenye Dreamliner. Lakini hiyo Dash mnayosema, ni ya nani? ATCL ipewe Tanga–Nairobi?

---

Mpanga_Mizigo

Inawezekana, Songea wanatua na Dash zao na uwanja ule haukuwa hivyo zamani. Lakini kuna jambo la Ulaya mlijue. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka ATCL kwenye orodha yake ya usalama wa anga, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania. Maana yake si kwamba hawaruki hapa, wanaruka kama kawaida. Ila hawaendi Ulaya, na wakala wa Ulaya akitaka kumuuzia mteja tiketi yenye kipande cha shirika la kwetu lazima amweleze, na mteja ana haki ya kukataa na kurudishiwa pesa. Makampuni mengi yanawakataza wafanyakazi wao kabisa. Kwa hiyo wale wahandisi wa bomba na wageni wa Kambi_Pangani, hao wanatoka kwenye hesabu ya shirika la ndani mpaka orodha isafishwe.

Abiria wa BintiNgamiani hawahusiki na orodha hiyo. Jeddah, Muscat, Guangzhou hawaifuati Brussels.

Kwa hiyo ningeanza hivi: Ethiopian, au Kenya Airways kupitia Jambojet, shirika lake dogo, walete ndege ya propela. Nairobi ni kama kilomita 490, Addis 1,570. Addis mawimbi yao, yaani saa ambazo ndege nyingi huondoka kwa mkupuo, yanajulikana: ndege za Ulaya zinaondoka kuelekea usiku wa manane. Ukiondoka Tanga saa kumi alasiri unafika Addis usiku umeingia, unakula, unapanda. Mzigo unaukabidhi Tanga unaupokea Jeddah au Frankfurt. Kwa ratiba hiyo hata taa za usiku Tanga hazihitajiki siku ya kwanza, maana ndege inakuja na kuondoka mchana. Kinachohitajika ni mita za ziada, zimamoto wa daraja la 6, na chumba cha Uhamiaji, forodha na afya.

---

MtuWaRaskazone

Chumba hicho ndicho wasichokitaja. Bila Uhamiaji kukaa uwanjani, hiyo Addis inabidi itue kwanza Dar au Zanzibar kugonga mihuri, na hapo tumerudi kulekule.

Mara ngapi kwa wiki waanze?

---

Mpanga_Mizigo

Nne. Viti 76 mara nne ni 304 kwa wiki, 15,808 kwa mwaka kuondoka. Wakipata asilimia 65 mwaka wa kwanza hawafungi. Hao ni kama 10,275. Gawanya kwa wiki: 198.

---

Kijana_Pongwe

Watu 198 kwa wiki Tanga nzima, Pangani, Muheza, Korogwe na Lushoto. Hiyo ipo bwana!

---

Mzee_wa_Stesheni

Ipo kwa nani? Nionyeshe karatasi.

---

BintiNgamiani

Mzee, karatasi tunaweza kuzitengeneza. Sisi wakala wa hapa mjini tukikubali kutoa idadi tu, bila majina: mwezi gani, mji gani, aliondokea Dar, Mombasa au Zanzibar. Vikundi vya Hija na Umra vina orodha zao tayari misikitini. Horohoro wanajua wangapi wanavuka, ila hawajui wangapi wanaishia uwanja wa Moi, hao itabidi waulizwe. Mimi za kwangu za tangu Rajabu iliyopita nimeanza kuziandika jana usiku kwenye daftari. Mwenye wakala wengine Barabara ya Nane anitumie ujumbe hapa ndani.

---

Kambi_Pangani

Weka na za wageni wetu. Wenye kambi za Ushongo nitawauliza wiki hii, ila wengi wao watakuambia Zanzibar.

---

BintiNgamiani

Andika hivyohivyo, Zanzibar.